Watoro Nao ni Mababa wa Kanisa

Ndugu zangu Wakristo wa Dabaso, Gede na Mida, nina neno nanyi, na jirani zetu Waislamu nawaomba mlisikilize pia. Makanisani tumefundishwa vyema habari za mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann aliyekaa naye Rabai. Si vibaya kuwakumbuka. Lakini yule aliyelima mtama katika mashamba ya Malindi chini ya bwana wake, akatoroka usiku na kushika njia ya bara, mbona hatumsikii mimbarini?

Katika karne ya 19 Malindi ilishiba na kuuza nafaka ng'ambo kwa jasho la watumwa. Waliowatoroka mabwana zao waliitwa watoro, na wengi wao walikimbilia Fuladoyo. Kijiji hicho hakikuanzishwa na Mzungu. Walikiongoza Wakristo Waafrika waliokuwa wamepata Injili kutoka Rabai, wakawafungulia watoro mlango. Mmoja wa viongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Huyo ni shahidi wa imani wa hapa hapa kwetu, wala si wa Roma, na vijana wetu wa kipaimara hawamjui.

Wamisionari nao walifanyaje? Tuseme kweli yote. Mwaka 1875 chama cha wamisionari cha CMS kilijenga Frere Town, karibu na Mombasa, kuwapokea watu waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Hiyo ni sifa yao, na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini mahali hapo pa uhuru palikuwa na viboko, hata malalamiko yakafika Uingereza. Na kwa kuwaogopa wenye watumwa, wakubwa wa misheni waliahidi kutowapokea watoro, na wengine wakarudishwa kwa mabwana. Hebu fikiria: mtu amekimbilia msalabani, na aliyeushika msalaba anamrudisha shambani!

Mambo yalikwisha kwa fedha. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Mwenye mtumwa akapata fedha, na mtumwa akapata karatasi. Kwa miaka aliyotumikishwa, hakulipwa hata pesa moja.

Palikuwa pia na William Jones, Mwafrika mwenzetu. Alitekwa utotoni, akalelewa India, akarudi Pwani akiwa mwalimu. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, na askofu huyo alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara. Mtu wa namna hiyo, kwa ngozi yake, bado alihesabiwa chini ya kijana wa Kizungu aliyeshuka melini jana. Uganda nako Askofu Tucker alitaka wamisionari na wachungaji Waafrika wawe chini ya katiba moja ya kanisa, na waliopinga walikuwa wamisionari wenzake.

Najua atakayenijibu: watumwa walikuwa wa Waarabu na Waswahili, kanisa liliwakomboa. Ya mabwana wa Malindi ni kweli, na hao nao wana hesabu yao. Hata hivyo, kosa la jirani halifuti letu. Shirika jingine la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilimiliki shamba la miwa la Codrington huko Barbados, na watumwa wake walichomwa chapa ya jina la shirika vifuani. Mwaka 2006 sinodi ya kanisa hilo iliomba radhi kwa kushiriki biashara ya watumwa, na mwaka 2023 likatangaza mfuko wa pauni milioni 100. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wao walau wameanza kusema. Sisi, kanisa lililozaliwa na watoro na mateka, tunangoja nini?

Tena tusijitoe kwa kusema dhambi hii ni ya Wazungu tu. Waliopokewa misheni walionekana hawana mbari wala kaya, na dharau hiyo ilitoka kwetu wenyeji pia. Toba ya kanisa ianzie hapo hapo, kabla ya kuandika barua kwenda London.

Kwa hiyo nawasihi maaskofu wa Pwani: fungueni madaftari ya zamani ya ubatizo ya Rabai na Frere Town, wafundisheni makatekista habari za Fuladoyo, na Jumapili ya kwanza ya Januari yasomwe majina ya waliopewa hati. Na wewe msomaji, Jumapili hii mwulize mchungaji wako: David Koi alikuwa nani?