Kamanyola: Kumbukumbu za mashamba zisibaki kichwani mwa mzee mmoja

Katika Desemba 2025, mapigano yalipoteremka bonde la Ruzizi kuelekea Luvungi na Uvira, wakaaji wengi wa Kamanyola walivuka mpaka kwenda Bugarama, upande wa Rwanda. Anayekimbia risasi anabeba mtoto, sufuria na godoro. Kaye ya mambo ya mashamba haifikirii. Lakini katika grupema hiyo ya usultani wa Ngweshe, wilaya ya Walungu, kaye ya mpatanishi ndiyo mara nyingi karatasi pekee inayosema shamba fulani liliamuliwa kuwa la nani, na mbele ya nani. Ikipotea, kinachobaki ni kichwa cha mzee mmoja. Na wazee nao wanakimbia, wanaugua, wanakufa.

Sheria haijasaidia sana. Ile ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, kisha katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba haki za watu wanaoishi kwenye ardhi ya kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Kwa zaidi ya miaka 40 amri hiyo haikutolewa. Basi mkulima wa Kamanyola, asiye na cheti cha serikali, anategemea kalinzi na bwasa. Kwa kalinzi, familia inatoa ng'ombe kwa chefu na kupata haki ya kudumu, inayorithiwa. Kwa bwasa, mtu anaazimwa shamba kwa muda tu. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kama tofauti kati ya nyumba yako na nyumba ya kupanga, lakini mara nyingi inalindwa na maneno ya mashahidi. Shahidi wa mwisho akifa, kalinzi ya baba inageuka bwasa katika kinywa cha anayelitaka shamba.

Wapatanishi wanaandika, hilo wasinyimwe. Shida ni kwamba kaye inaandika kwa kufuata siku. Ugomvi wa mwaka 2014 umeandikwa kwa jina la babu. Mwaka 2019 shamba lile lile likaandikwa kwa jina la mkwe. Mwaka 2023 likaandikwa kwa jina la kijito kinachopita chini yake, katika kaye nyingine, na mwandishi mwingine. Hakuna ukurasa unaojua habari za mwenzake. Kesi inaanza upya kama mtoto aliyezaliwa leo. Pande zote mbili zinalipa tena safari ya wazee, zinalipa tena kasiksi, na aliyeshinda mara ya kwanza anaweza kushindwa mara ya tatu kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka.

Hapo ndipo programu ndogo za simu na kompyuta zinazoitwa wiki za binafsi zinaweza kufanya kazi ambayo kaye haiwezi. Wazo lenyewe si gumu. Kila jambo linapewa ukurasa wake: shamba, kijito, njia, kikao, uamuzi. Ukiandika juu ya kikao na ukataja shamba, unaweka jina la shamba ndani ya mabano mraba mawili mawili, na jina hilo linakuwa mlango. Ukiligusa, ukurasa wa shamba unafunguka. Na jambo lenye faida kubwa zaidi ni la upande wa pili: katika programu nyingi za aina hii, ukurasa wa shamba wenyewe unaweza kukuonyesha kurasa zote ambazo zimewahi kulitaja, hata ile iliyoandikwa miaka kumi iliyopita na mtu ambaye hujawahi kuonana naye. Babu, mkwe na kijito wanakutana mahali pamoja.

Wiki ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, na jina alilichukua katika lugha ya Hawaii, ambamo neno hilo lina maana ya haraka. Ile ilikuwa ya watu wengi kwenye intaneti. Za mtu mmoja zilifuata. TiddlyWiki, iliyotoka mwaka 2004, ni faili moja tu inayoingia kwenye kadi ya simu, ingawa kuhifadhi maandishi ndani yake kwa simu kunahitaji uvumilivu. Zim ni ya kompyuta. Obsidian inafanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Hizi mbili za mwisho zinahifadhi kila ukurasa kama faili ya maandishi ya kawaida, na hilo lina uzito kuliko mapambo yote: programu ikifa kesho, maandishi bado yanasomeka. Na ukishaipakua mara moja, hakuna megabaiti inayoliwa tena. Umeme ni hadithi nyingine. Maji ya Ruzizi yanazungusha mitambo ya Ruzizi ya kwanza na ya pili kabla ya kushuka bondeni, na bado kuna nyumba chungu nzima ambazo simu inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye paneli ya jua.

Asiye na simu ya aina hiyo asifikiri hayamhusu. Msomi wa Ujerumani Niklas Luhmann alikusanya kadi za karatasi kama 90,000, kila moja na nambari yake, na kwenye kadi moja aliandika nambari za kadi nyingine zinazohusika. Hakutumia mashine. Mpatanishi anaweza kufanya hivyo kwa bic na kaye za kawaida, leo jioni, kwa kulipa kila shamba nambari na kuandika pembeni: tazama kaye ya pili, ukurasa wa 31. Pengine hata wenye simu wangeanza hivyo, kwa sababu kosa la kwanza la wanaoanza ni majina. Mmoja anaandika kwa c ya Kimashi, mwingine kwa ch ya Kiswahili, na kwa programu hayo ni mashamba mawili. Wakubaliane kwanza juu ya maandishi ya majina, vingine baadaye.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa sifa za programu hizi hawalisemi, kwa sababu wengi wao hawajawahi kupita barieri. Kinachomsaidia mpatanishi kuona mambo yote ya shamba kwa kugusa mara moja, kinamsaidia pia mtu mwenye bunduki kuona mambo yote ya mtu kwa kugusa mara moja. Nani alishuhudia. Ni ndugu ya nani. Alilala wapi alipokimbia.

Kamanyola si mahali pa kuchukulia hilo kwa wepesi. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa pale kwa risasi za vikosi vya usalama. Kambi ya Monusco ilikabidhiwa kwa polisi ya Kongo tarehe 28 Februari 2024. Mwaka mmoja baadaye, katika Februari 2025, AFC/M23 ikaingia. Aliyeandika neno chini ya utawala mmoja anaweza kuulizwa neno hilo na utawala mwingine. Neno la siri kwenye simu linamzuia mwizi wa sokoni. Halimzuii anayekuamuru ulifungue mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ianze na orodha ya yale ambayo hayataandikwa kabisa. Majina ya mashahidi yasiingie kwenye simu: yapewe nambari, na karatasi ya kufasiri nambari hizo ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Habari za silaha, za nani alikimbilia wapi, za nani alitoa nini kwa kundi gani, hazina nafasi katika kumbukumbu za mashamba hata kama zimesemwa kwenye kikao. Uamuzi wenyewe uendelee kuandikwa kwenye karatasi, na sahihi au alama ya kidole ya pande zote. Simu ni ya kutafutia tu. Nakala ya faili iende Bukavu kwa mtu anayeaminiwa, kwa sababu kadi moja ndani ya simu moja haina maisha marefu kuliko kaye.

Na mashirika nayo yana deni. Kwa miaka mingi vijana wenye tableti wamekuja bondeni, wameuliza maswali juu ya magomvi ya ardhi, wamejaza fomu, wamerudi Bukavu. Habari zikawa ripoti, ripoti zikaenda Kinshasa na Geneva. Kijijini kulibaki fulana. Shirika linalokuja sasa kuuliza juu ya mashamba ya Kamanyola liulizwe, kabla ya swali la kwanza, ni nakala gani itaachwa pale, kwa lugha gani, na kama mpatanishi ataweza kuifungua bila intaneti na bila kuomba ruhusa. Jibu lisipokuwepo, kikao kiahirishwe.

Wapo watakaosema ni mapema, watu warudi kwanza, amani ije kwanza. Inaeleweka. Ila wanaorudi ndio hao hao wanaokuta jirani amelima mstari tatu ndani ya shamba lao, na msimu A unaanza Septemba, magomvi ya mipaka yakianza pamoja na jembe la kwanza. Kaye za zamani ambazo bado ziko zinaweza kupewa nambari na kuandikwa upya kabla ya hapo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuanza na zile ambazo wino wake umeanza kufifia.