Uvivu wa Watu wa Sevilla

Msomaji, iko hukumu moja ambayo hutolewa juu ya Wahispania kila mara, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawakuisikiliza kesi yenyewe. Husemwa kwamba hao ni watu wa kula na kulala. Kwamba mchana hufunga maduka, usiku hukesha mezani, na kati ya mchana na usiku huzurura njiani bila ya haja. Nimeisikia hukumu hii katika chumba cha walimu, na nimeikuta katika insha za wanafunzi, ambao bila shaka waliikopa kwetu sisi wakubwa wao. Mimi naipinga. Nitaipinga kwa siku moja tu ya mji mmoja, nao ni Sevilla, mji wa kusini mwa Uhispania ulio kandokando ya mto Guadalquivir.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndiyo shahidi mkubwa wa washitaki. Wao husema: Tazama, huyu anakula chakula cha mchana saa nane na nusu, na cha usiku saa nne, je, mtu wa kazi hula hivyo? Shahidi huyu ni mwongo, tena alifundishwa uongo. Mwezi Machi 1940 serikali ya Jenerali Franco iliamuru saa za nchi zisogezwe mbele kwa saa moja, zikalingana na zile za Berlin. Vita vilikwisha, Franco naye alikufa mwaka 1975, lakini saa hazikurudishwa mpaka leo. Zaidi ya hayo, wakati wa kiangazi husogezwa tena saa moja, kama zinavyosogezwa katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini Sevilla iko mbali upande wa magharibi, karibu na Ureno, na Ureno huishi saa moja nyuma yake. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa Julai jua la Sevilla hufika utosini, si saa sita, bali saa nane na nusu kwa saa ya ukutani.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tulipasa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Saa yetu huanza na jua. Saa sita ni wakati kivuli kinapokusanyika miguuni, na desturi hiyo haikuhitaji amri ya jenerali yeyote. Basi mtu wa Sevilla anapoketi kula saa nane na nusu, kwa hesabu yetu ya jua ameketi saa sita kamili, wakati ule ule ambao kengele ya shule yetu humwita mshitaki wake kwenda kula. Mkosaji ni ukuta, si tumbo.

Shahidi wa pili ni usingizi wa mchana. Hapa sitasema mengi. Wahispania wengi hawalali mchana hata kidogo. Hurudi kazini, au hawakutoka kazini. Sheria ya nchi yao tangu mwaka 1983 imeweka wastani wa saa 40 za kazi kwa juma, sawa na majirani zao wengi ambao hakuna anayewaita wavivu. Na anayelala, nani atamlaumu? Joto la Sevilla wakati wa kiangazi hupita digrii 40 mara nyingi. Katika mtaa wa Sierpes hutandazwa vitambaa vikubwa juu ya njia, kutoka paa hadi paa, ili watu wapite kivulini. Mitaa ya kale ni myembamba kwa sababu hiyo hiyo, nazo nyumba zimegeuzia ua wake ndani na ukuta wake nje. Aliyepita vichochoro vya Lamu hana haja ya kuelezwa hekima ya mjenzi wa namna hiyo. Kutoka juani katikati ya mchana ni akili, na nashangaa kwamba akili ikivaa kofia ya Kihispania huitwa uvivu.

Sasa nakuomba, msomaji, tutembee. Washitaki husema kwamba kutembea pole pole hakuna faida, na kwamba mgeni mwema ni yule mwenye orodha mkononi, anayekimbia kutoka jengo hadi jengo, akipiga picha na kuondoka. Tuone nani atafaidika zaidi.

Asubuhi tunakula mkate uliochomwa, ukamiminiwa mafuta ya zeituni na kupakwa nyanya iliyosagwa. Hiki ni chakula cha karani na cha mfagiaji pia. Mwenye haraka amekwisha kumeza na kutoka. Sisi tunasikiliza. Mhudumu anataja mafuta, aceite. Anataja zeituni, aceituna. Anataja sukari, azúcar. Mtu wa meza ya pili ameagiza wali wa zafarani, naye anasema arroz na azafrán. Masikio yako, ewe msemaji wa Kiswahili, yanasimama. Sukari yako na sukari yake zilitoka katika kinywa kimoja, kinywa cha Mwarabu, moja ikaelekea Mombasa na nyingine Sevilla. Kadhalika zeituni, kadhalika zafarani, kadhalika limau. Kasri ya mji huitwa Alcázar, nayo ni kasri ile ile. Mkuu wa mji huitwa alcalde, naye si mwingine ila kadhi aliyebadili kazi. Mto wenyewe, Guadalquivir, maana yake kwa Kiarabu ni bonde kubwa. Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya nane hadi mwaka 1248, na mpaka leo mtu hawezi kutia sukari katika kahawa yake bila kuwataja. Hakuna kibao kinachoeleza haya mlangoni. Hupatikana kwa kukaa kitako.

Twende kanisa kuu. Mnara wake, Giralda, ulikuwa mnara wa msikiti, ukamalizika mwaka 1198. Sehemu ya kengele iliongezwa juu yake katika karne ya kumi na sita. Ndani ya mnara hupandi ngazi, isipokuwa chache za mwisho, bali njia 35 za mteremko, zilizo pana kiasi cha kupitisha farasi. Husemwa kwamba zilifanywa hivyo ili mwadhini apande juu ya mnyama badala ya kuhema. Mjenzi yule alidhani kwamba mtu afike juu akiwa na pumzi. Leo wageni hukimbia humo huku wakitazama saa zao.

Mchana tunakula, lakini si sahani moja kubwa ya mtu mmoja. Huletwa visahani vidogo, kila mtu akatia mkono wake. Kuna spinachi iliyopikwa na dengu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Kuna papa mdogo aliyelazwa katika siki na viungo, kisha akakaangwa. Mswahili wa pwani atacheka kumkuta ndugu yake wa nyumbani ugenini. Kuna paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo asiyekula atalipitisha kwa jirani bila ugomvi. Kuna mvinyo pia, lakini wewe mwanafunzi utakunywa maji. Katika mkahawa uitwao El Rinconcillo, unaohesabu umri wake tangu mwaka 1670, mhudumu huandika hesabu yako kwa chaki juu ya ubao wa kaunta mbele ya macho yako, na ukilipa huifuta. Na ukitaka kitu kitamu, nenda kwenye nyumba ya watawa wa San Leandro. Hutamwona mtawa. Utaweka fedha katika kabati la mbao linalozunguka ukutani, litazunguka, na vitamu vya kiini cha yai vitakujia kutoka upande wa pili.

Haya yote huchukua muda. Naam, ndiyo maana yake. Chakula kinacholiwa kwa zamu ya visahani hulazimisha mazungumzo, kwa kuwa hakuna aliyefungwa mdomo na mlima wa chakula chake mwenyewe. Sisi tunaojisifu kwa udugu hula mchana tumeinamia simu, kila mtu na yake, halafu tunamcheka Mhispania anayemtazama mwenziwe usoni.

Lakini sitaki udhani kwamba nakupeleka peponi. Mtembezi wa pole pole huona na yale ambayo mji haukupenda yaonekane. Nyanya ile ya asubuhi ilitoka Amerika. Tangu mwaka 1503 biashara yote ya Uhispania na Amerika ilipitia ofisi moja ya kifalme katika mji huu, nayo ikautajirisha. Na pamoja na fedha na mazao walikuwapo watu. Hesabu ya mwaka 1565 ilikuta Sevilla watumwa zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa Waafrika. Lipo kanisa dogo la chama cha kidini ambacho watu weusi wa mji walikuwa nacho tangu zama za kati. Watu hukiita hata leo Los Negritos. Mchoraji Velázquez, aliyezaliwa humu mwaka 1599, akiwa kijana alichora mtumishi wa jikoni, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, ameinama juu ya vyombo vya meza. Mwenye orodha hamjui mwanamke huyu, maana picha yake sasa iko Dublin na orodha yake ni ya Sevilla. Lakini wewe na mimi, tukila mahali alipopika, tutamkosaje?

Iko hoja moja ya washitaki ambayo naiheshimu. Husema: Starehe ya mtembezi hubebwa na mabega ya mwingine. Ni kweli. Mhudumu anayetuletea visahani aghalabu siku yake hukatwa vipande viwili, akafanya kazi mchana, akaachwa saa kadhaa asizoweza kwenda nazo kwake, kisha akarudi hadi usiku. Wahispania wengi wenyewe wanaupinga mtindo huo. Tena wageni tukizidi, kodi za nyumba hupanda, na vyumba walivyokaa wenyeji hugeuzwa malazi ya usiku mbili. Mwaka 2024 watu waliandamana kwa jambo hili katika miji mbalimbali ya Uhispania, na Barcelona ikatangaza kwamba leseni za vyumba vya namna hiyo, zaidi ya 10,000, hazitaendelezwa baada ya mwaka 2028. Lakini angalia vizuri nani analaumiwa. Waandamanaji hawakukataa kula kwa utulivu wala kutembea jioni. Walilia kwamba wanaporwa vitu hivyo. Aliyewapora ni yule yule mwenye haraka, anayetaka mji wote kwa siku moja, kitanda karibu na kanisa kuu, na bei rahisi.

Jioni tunavuka daraja la Triana, la mwaka 1852, kuelekea mtaa wa wafinyanzi. Jua mwishoni mwa Juni halizami mpaka karibu saa nne kasoro robo usiku. Kando ya mto wamejaa wazee wenye mikongojo, wachumba, akina mama na watoto wao, wote wakienda na kurudi, wala hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Mshitaki wetu, kama angekuwapo, angetazama ukuta na kusema kwamba ni saa nne na watoto hawajalala. Nyuma ya Triana mbingu bado ni nyekundu, na sufuria za chakula cha usiku ndiyo kwanza zinateleka, kwa kuwa kwa hesabu ya jua ni saa moja na nusu.