Upanga wa Dameski na Hadubini ya Madrasa



Mwaka 2006, wanasayansi wa Dresden, Ujerumani, wakiongozwa na Peter Paufler, waliuchunguza kwa hadubini ya elektroni upanga wa Dameski uliofuliwa karne ya 17. Ndani ya feleji yake walieleza kuona nanotyubu za kaboni, yaani neli nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Wahunzi wa zama zile hawakuzijua. Walijua tu kwamba feleji ya Bara Hindi, ikiyeyushwa pamoja na kuni na majani, kisha ikatiwa moto na kufuliwa mara kwa mara, hutoa upanga usio na mfano.

Kaboni ndiyo asili ya makaa, masizi na kinywe, lile jiwe laini la penseli. Ukichukua utando wa kinywe wenye unene wa atomu moja ukauviringa kama jamvi, ndiyo nanotyubu hiyo. Iliyo nyembamba huweza kuwa na upana wa takriban nanomita 1, ilhali unywele una nanomita kama 80,000. Mwaka 1991, Sumio Iijima wa Japani alizieleza alipochunguza kaboni iliyotokana na kinywe kilichounguzwa kwa cheche za umeme. Leo viwanda hupitisha gesi yenye kaboni, kama methani, katika tanuri kali juu ya chembe za chuma au nikeli. Kaboni hujitenga na gesi, na neli huota juu ya chembe hizo mfano wa majani.

Neli hizi ni nyepesi, hupitisha umeme, na kwa kuvutwa huishinda feleji. Hutiwa katika betri za lithiamu, plastiki na vifaa vya michezo. Lakini zina hadhari yake: mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja aina moja yake kuwa huenda ikasababisha saratani. Vumbi lake halifai kuvutwa pumzini, na afanyaye kazi nalo hana budi kukingwa.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Unguja? Katika karne ya 12, Al-Idrisi aliandika kwamba chuma cha Sofala, kusini mwa pwani yetu hii, kilinunuliwa na kupelekwa Bara Hindi, kikauzwa huko kwa bei njema. Pwani ilitoa chuma. Sifa ya upanga ikabaki kwa wengine. Leo ardhi ya Tanzania ina kinywe kingi, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na ulimwengu unakitaka kwa ajili ya betri. Je, tutauza tena jiwe, kisha tununue kilichotengenezwa?

Ndiyo maana tunaijibu hapa hoja iliyoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti, Mji Mkongwe. Baadhi ya wazee wetu wameuliza iwapo fungu la elimu lililochangwa na waumini laweza kununulia madrasa hadubini, hali misahafu ya watoto imechakaa. Swali ni la haki, kwani mali ile ni amana. Rai yetu ni kwamba misahafu itangulie, na hadubini moja ifuate. Imamu Al-Ghazali aliihesabu tiba na hesabu miongoni mwa faradhi za kutosheleza: wasipopatikana wa kuzisimamia, lawama ni ya umma wote. Elimu ya maada haiko mbali na hizo.

Wazazi wenzetu, msiwaondoe mabinti wala wavulana katika somo la kemia kwa kudhani kuwa halina manufaa. Mhunzi wa Dameski alikuwa na mkono hodari; mtoto wetu apewe mkono huo, na jicho la kuona anachokifua.

Wabillahi tawfiq.