Ndoa bila hati katika mkoa wa mpakani

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,989,299 mkoani Kagera, zaidi ya laki tano juu ya hesabu ya mwaka 2012. Ndugu Waislamu, miongoni mwa majirani zetu wa Bukoba na Muleba wamo wenye asili ya Rwanda na Burundi, ambao wazee wao walikuja tangu enzi za ukoloni kufanya kazi katika vibanja vya kahawa na migomba.

Mwaka 2013 serikali iliwaamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke, kisha ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, wakiwemo walioishi na kuoa hapa kwa miaka mingi. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, hilo halina ubishi. Lakini mume akishavuka Rusumo, mkewe aliyebaki hana talaka wala eda, wala hawezi kuolewa. Sheria ya dini inampa njia ya kuomba faskhi. Ila mbele ya kadhi au hakimu ataanza kwa kuthibitisha kuwa ndoa ilikuwepo. Bila hati atathibitishaje?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa mlango huo. Basi mawalii, ulizeni kibali cha ukaazi kabla ya kupokea mahari. Huko si kumbagua mgeni: Ansari waliwapokea Muhajirina, na Mtume (s.a.w.) akawaunga udugu mmoja mmoja, kila mtu akijulikana ni nani na yuko kwa nani.