Kuvuta kona sio kupunguza picha

Jamani, tuambiane ukweli. Ukipachika picha kwenye Word ukaivuta kona mpaka iwe kama stempu, umepunguza nafasi yake kwenye ukurasa tu. Pikseli bado ziko. Huamini? Nakili faili yako, badilisha .docx iwe .zip, ifungue uangalie folda ya word/media. Mara nyingi utaikuta picha humo, nzima, imelala.

Hesabu ni rahisi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Kwa upana wa sentimita 15, pikseli 220 kila inchi, unahitaji kama 1300 kwa 975. Yaani kama moja ya kumi! Zinazobaki ni mzigo kwa bando la atakayeipokea.

Lakini kinachonikera zaidi ni kukata. Mtu anapachika picha ya kitambulisho, anakata sehemu yenye namba, anatuma akijua imetoweka. Imefichwa tu. Mpokeaji akibofya Crop na kuvuta ukingo, namba hiyo hapo. Ukiwa na picha kama hiyo, nenda "Compress Pictures", weka tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures", halafu uhifadhi.

Mimi nasema kata na upunguze kabla ya kupachika, kwa GIMP au hata Paint, kisha hifadhi kwa jina jingine ili ile asili ibaki kwako. Picha za kamera ziwe JPEG. Za skrini zenye maandishi ziache PNG, maana JPEG huchafua kingo za herufi.