MFINYANZI ASILIE GAENI

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Tunaisifu methali hiyo kwa hekima yake, lakini imo ndani yake dhuluma tuliyoizoea mno hata hatuioni tena. Awafinyangiaye wenziwe vyungu hubakiwa na kigae. Na huku kwetu Mtwara, mfinyanzi huyo ni mwanamke.

Kwa desturi ya Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, mpingo ni wa mwanamume na udongo ni wa mwanamke. Kinyago kilivuka bahari, kikaitwa sanaa, na mchongaji akapata jina. Chungu kilibaki jikoni, na aliyekifinyanga hakuulizwa jina lake.

Ndugu Reinata Sadimba aliikataa hukumu hiyo. Alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, Mueda, nchini Msumbiji, akarithi ufinyanzi kwa mama yake. Alishiriki katika vita vya ukombozi vya FRELIMO, vilivyoanza mwaka 1964 na kuleta uhuru mwaka 1975. Hata hivyo, uhuru wa nchi si lazima uwe uhuru wa mwanamke. Baada ya ndoa yake kuvunjika, hakuridhika tena na vyungu vya maji. Alifinyanga watu: wanawake wajawazito, wanawake wanaozaa, kina mama wenye watoto maungoni, na nyuso zenye nembo za Kimakonde. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto huko kwao, aliishi Tanzania kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1992 akarejea na kuweka makazi Maputo. Kazi zake zimeonyeshwa ndani na nje ya Afrika.

Hoja yake haikuhitaji kijitabu. Udongo ule ule uliodharauliwa ndio alioutumia kudai heshima ya mwanamke.

Je, sisi wa Likombe tunajifunza nini? Sifa za majukwaani hazimlishi mfinyanzi. Mikopo ya vikundi vya wanawake inapogawiwa, ufinyanzi uhesabiwe kuwa kazi kamili, si kipitisha wakati. Maonyesho yanapoandaliwa, chungu kiwekwe kando ya kinyago, nacho kiandikwe jina la aliyekifinyanga. Na fedha ya mauzo ifike mkononi mwake yeye, si mwa mume wala mwa mchuuzi.

TANU ilitufunza usawa wa binadamu. Usawa usiofika penye tanuri la mfinyanzi bado ni maneno matupu.