Osiloskopu ni ya maana, mbona waya ni wa CCTV?

Ukipita Kondele au karibu na soko la Kibuye utaona vijana wenzetu wamefungua vibanda vya fundi, na mezani kuna osiloskopu ya mtumba ama ile ndogo mpya ya kutoka Uchina. Safi sana. Sasa angalia waya uliochomekwa pale. Mara nyingi ni ule uliobaki baada ya kumwekea mtu kamera za CCTV, au kipande cha waya wa dishi chenye adapta tatu zimefuatana kama mabehewa ya treni.

Unikasirikie ukitaka, lakini huo waya unakudanganya, na anayelipa ni mteja.

Waya wa TV, dishi na CCTV ni wa omu 75. Redio za walinzi, antena za wifi, mitambo ya FM na vifaa vingi vya kupimia mawimbi ni omu 50. Balaa ni kwamba kichwa cha BNC cha 75 kinaingia kwa cha 50 bila ubishi, basi wewe unaona mambo ni sawa. Pale vinapokutana, karibu asilimia 4 ya nguvu inarudi ilikotoka. Utasema ni kidogo. Haya, ongeza adapta za bei ya chini zilizolegea, kila moja na vituko vyake, halafu uniambie kama ruta ya mama wa watu ndiyo mbovu ama ni meza yako.

Kama kazi yako ni amplifaya na redio za matatu, tulia, waya wowote mzima wa mita moja utakutosha. (Haya sikuyapata chuoni, niliacha kabla hatujafika huko.)

Hata RG-58, ule mweusi mwembamba wa omu 50, una mipaka. Kwa gigahezi 2.4 za wifi, mita moja inakula kama desibeli 1, yaani karibu moja ya tano ya nguvu. Nunua mfupi.

Dukani beba sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikishika uzi wa katikati, hicho ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa dishi kinafanya kazi, maana mawimbi ya kasi hupita juu juu. Kwa meza inayopima kila kitu kuanzia umeme wa betri, kiache hapo hapo.

Adapta moja tu inastahili pesa zako bila maswali: ile yenye mzigo wa omu 50 ndani. Ukiweka volti 1 kwa jenereta ya mawimbi na osiloskopu ionyeshe 2, usikimbie kuirudisha dukani, ni huo mzigo unakosekana.

Chukua nyaya mbili za RG-58 zilizobanwa vichwa kiwandani na hiyo adapta. Usiku zifungie kwa mkebe, unyevu wa ziwa unageuza shaba kijani haraka.